Mstari wa Hidaya

Nchi yenyewe ipo, au angalau ilikuwepo mara ya mwisho tulipoangalia. Inaitwa Jamhuri ya Mbeleni, na mtu akiuliza iko upande gani mwambie iko jirani tu, ageuke atakakogeuka. Ni nchi tulivu. Ina wimbo wa taifa wa beti tisa, na ina Wizara ya Usasa, ambayo kazi yake ni kuhakikisha hakuna mwananchi anayebaki na kitu cha jana.

Katika nchi hiyo, kwenye mji mdogo wa Mfuleni, aliishi mwanamke jina lake Siwema, karani wa vizazi na vifo. Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na minane, dirisha lile lile, kiti kile kile. Mtu akizaliwa Mfuleni, Siwema alimwandika. Akifa, Siwema alimwandika tena, safari hii ukurasa wa kulia. Mwandiko wake ulikuwa wa kulala kidogo, wa wino mweusi, na watu walikuwa wakitaniana kwamba kufia Mfuleni si vibaya sana, maana angalau utaandikwa vizuri.

Mumewe aliitwa Kondo, fundi baiskeli. Walijaliwa mtoto mmoja tu, wa kike, wakamwita Hidaya. Hidaya aliishi siku kumi na moja.

Siku ya kumi, mchana, mtoto alikataa kunyonya. Siwema akampigia Kondo kelele akamwite tabibu. Kondo alikuwa na baiskeli ya mteja mikononi, imebaki kufungwa gurudumu la nyuma, akasema, "Namalizia hapa, naenda." Akamalizia, akaenda. Tabibu alifika jioni. Asubuhi yake Hidaya hakuwepo tena.

Tabibu yule, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa maneno machache. Alimpima marehemu, akaandika kwenye cheti kwamba moyo wa mtoto haukukamilika tangu tumboni, na kwamba hata angeitwa siku ile ile ya kuzaliwa, hakukuwa na la kufanya. Siwema aliporudi kazini alifungua kitabu, akanakili yote kwa mkono wake mwenyewe. Jina, tarehe mbili, na kwenye safu ya sababu: *Moyo haukukamilika tangu tumboni. Hakukuwa na tiba.* Alipomaliza alikausha wino, akaita, "Anayefuata."

Picha ya mtoto hawakuwa nayo. Kaburi lake lilifukiwa ilipopita Barabara Kuu ya Usasa. Kilichobaki ni ule mstari. Basi kila mwaka, tarehe ile, Kondo alisugua grisi vidoleni kwa mchanga na sabuni, akavaa shati lililopigwa pasi, akaenda ofisini kwa mkewe. Siwema alimfungulia mlango wa pembeni. Walisimama mbele ya kitabu kama watu waliokuja kumjulia hali mgonjwa. Kondo aliweka kidole kwenye safu ya sababu, akasoma polepole, midomo ikicheza bila sauti. Kisha walikunywa chai, naye akarudi kwenye baiskeli zake.

Siwema alijua mumewe anakuja kusoma nini. Anakuja kuambiwa kwamba si lile gurudumu. Yeye alikwisha kumwambia mara nyingi, lakini yeye ni mkewe, na mke anaweza kusema lolote ili mumewe apate usingizi. Kitabu kilikuwa hakimpendi mtu. Ndiyo maana Kondo alikiamini.

*

Zamu ya Mfuleni kupata Usasa ilifika siku ya Jumatatu. Waziri mwenyewe alikuja, Mheshimiwa Dakta Mhandisi Kwezi, na turubai lake, na kipaza sauti chake, na bendi ya matarumbeta.

"Ndugu wananchi," alisema, "karatasi ni ushamba! Karatasi inaliwa na panya. Sasa nawauliza, na mnijibu kwa ukweli: nani kati yenu amewahi kumwona panya akila wingu?"

Hakuna aliyewahi. Watu wakapiga makofi kwa ukweli huo.

Waziri akaeleza kwamba Jamhuri imejiunga na huduma ya kampuni moja ya ng'ambo iitwayo Wingujema. Kuanzia siku hiyo vizazi, ndoa, talaka na vifo vya taifa zima vitakaa winguni, kila jina na akaunti yake. Mkataba ulikuwa na kurasa mia nne na kumi na mbili. Waziri aliusoma pale pale jukwaani, kwa kidole: alikishusha kwenye kioo cha kompyuta kutoka juu hadi chini kwa pumzi moja, akagusa palipoandikwa NAKUBALI, na matarumbeta yakalia. Magazeti ya kesho yake yalisifu sana kasi yake ya kusoma.

Wakati wa mafunzo ya huo Mfumo mpya, yaliyoongozwa na mtaalamu wa Wizara, Siwema alinyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Siku serikali ikiacha kulipa, haya maandishi yanabaki ya nani?"

Mtaalamu alicheka kwa upole, kama mtu anayemwona bibi akiuliza mtangazaji analala wapi ndani ya redio. "Mama, siku hizi watu hawanunui vitu. Wanajiunga."

"Na asiyetaka kujiunga?"

"Hakuna kitufe cha hilo."

Vitabu vya zamani vikaamriwa kukusanywa na kupelekwa kiwandani vikasagwe vitengenezwe trei za mayai. Atakayebaki na kitabu, ilisema amri, atahesabiwa kuwa ameteka nyara historia, na adhabu yake ni kifungo.

Jioni, kabla lori halijaja, Kondo alikaa mkabala na mkewe, chakula kikapoa mbele yake.

"Kile kimoja tu, Mama Hidaya," alisema. Nyumbani alimwita hivyo, na hakuna mwingine aliyemwita hivyo duniani. "Tukiweke chini ya gunia la mchele. Nani atajua?"

"Ni mali ya serikali."

"Na mtoto je, ni mali ya nani?"

Siwema alikuwa mtumishi mwaminifu. Hakuwahi kuchukua hata kalamu ya ofisi kwenda nayo nyumbani, na uaminifu wa miaka mingi namna ile humkaa mtu mwilini kama ugonjwa. Asubuhi alimwingiza Hidaya kwenye Mfumo kabla ya wote, herufi kwa herufi, akahakikisha mara tatu. Kisha alikipakata kile kitabu mpaka kwenye lori, akakikabidhi, akatia sahihi. Dereva alikirusha juu ya vingine.

*

Kwa miaka sita, lazima tuseme haki, Mfumo ulifanya kazi vizuri ajabu. Unaandika jina, jina linakuja. Kondo aliendelea kufika na shati lake la pasi. Hakuupenda mwanga wa kioo, na aliambiwa asikiguse kwa kidole maana kinaweza kufungua mambo mengine, basi alikuwa akikielekeza tu kwa mbali. Lakini maneno yalikuwa yale yale. Hakukuwa na tiba. Alisoma, akanywa chai, akaenda.

Kisha zikaanza barua. *Mpendwa Jamhuri! Tuna habari njema. Tumeboresha huduma zetu.* Siwema alijifunza upesi kuliogopa neno "tumeboresha". Uboreshaji wa kwanza uliondoa talaka. Wa pili ulileta matangazo ya sabuni katikati ya vyeti vya ndoa. Wa tatu ulihamisha uandikishaji wa vifo. Vifo vipya sasa viliandikwa kwenye Kifurushi cha Almasi tu, na Jamhuri ya Mbeleni ilikuwa kwenye Kifurushi cha Familia.

Baraza la Mawaziri lilikaa siku tatu. Siku ya nne Waziri Kwezi alitangaza redioni, sauti ikimtetemeka kwa furaha, kwamba kwa mujibu wa takwimu rasmi hakuna raia hata mmoja wa Mbeleni aliyefariki tangu mwezi uliopita. Rais akamvisha Nishani ya Maisha Marefu.

Lakini watu wa Mfuleni, kwa kutofuatilia habari, waliendelea kufa. Asubuhi moja alikuja dirishani mama mmoja mjane, khanga kichwani, macho mekundu.

"Mume wangu amefariki jana, karani. Nataka kibali cha kuzika."

"Pole sana, mama." Siwema alikitazama kioo, ingawa alijua hakina kitu cha kumwambia. "Siwezi kukupa kibali cha kuzika. Nakupa Kibali cha Kulaza kwa Muda. Kinatumika siku tisini."

Yule mama alikipokea, akakisoma, akakigeuza nyuma.

"Na zikiisha siku tisini, nimwamshe?"

"Uje uongeze muda, mama."

Walitazamana. Siwema ndiye aliyeinamisha macho. Miaka ishirini na minane, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuona haya kukaa kwenye kiti kile.

*

Mwaka wa saba, tarehe yao ilipofika, Kondo alikuja kama kawaida. Siwema aliandika jina. Kioo kilifikiri kidogo, kikasema:

*Hakuna matokeo ya "Hidaya Kondo". Je, ulimaanisha: hidaya za harusi?*

Akaandika tena, taratibu. Hidaya za harusi zikaja tena, safari hii na picha za masufuria.

"Umekosea herufi," Kondo alisema.

"Sijakosea."

"Andika tarehe."

Akaandika tarehe. Kulikuwa na watoto wengine wa siku ile, na Hidaya hakuwa miongoni mwao. Kwenye kona ya kioo palikuwa na ujumbe wa wiki mbili nyuma ambao hakuwa ameusoma, kwa kuwa zilikuja nyingi: *Habari Siwema! Tumekufanyia usafi! Akaunti ambazo wenyewe hawajaingia kwa miaka mitano zimeondolewa ili upate nafasi zaidi. Furahia!*

Kondo alisimama, mikono iliyosuguliwa ikining'inia. Chai haikunywewa siku hiyo.

Wakasafiri kwenda mji mkuu. Jumba la Usasa lilikuwa na milango inayofunguka kwa simu, na simu zao si za kufungua milango, basi walisubiri nje mpaka alipopita muuza kahawa, wakaingia nyuma yake. Walipokewa na Bwana Mzengele, mtu wa makamo mwenye shingo nyembamba, ambaye kwenye meza yake paliandikwa *Afisa wa Furaha ya Wateja*.

"Hiyo akaunti imesafishwa, mama," alisema baada ya kubofyabofya. "Mtumiaji hakuwahi kuingia hata mara moja."

"Alikuwa marehemu."

"Naelewa. Lakini marehemu hawamo kwenye kifurushi chetu. Mfumo unamwona kama mtu mvivu."

"Anaweza kurudishwa?"

"Anaweza, bila shida. Mwenye akaunti anaingiza nywila yake, halafu anathibitisha kwa kidole gumba."

Kondo alitazama mkono wake.

"Kidole gumba chake," alisema, "kilikuwa kama punje ya mahindi."

Bwana Mzengele aliacha kubofya. Aliinuka, akachungulia ukumbini, akarudi na kusema kwa sauti ya chini. Ipo nakala kuu ya kila kitu, kama ilivyokuwa kabla ya usafi. Kampuni huitunza siku thelathini, na zimebaki tisa. Ufunguo wake uko kwa mtu mmoja tu serikalini, Mkurugenzi wa Kumbukumbu, Bwana Sufiani.

"Tupeleke kwake, ndugu yangu," Siwema alisema. "Tutamwangukia miguuni."

"Amelazwa."

"Hospitali gani?"

"Amelazwa kwa muda," Bwana Mzengele alisema, na akaitazama meza. "Makaburi ya Kisimani. Mwezi wa nne huu."

"Basi si awekwe mwingine?"

"Nafasi haiko wazi. Mfumo unaonyesha yupo. Mwezi ujao anapandishwa cheo."

"Andikeni kwamba amekufa!"

"Mama, tungeweza kuandika kwamba watu wamekufa, tungekuwa hatuna—" Akajisikia mwenyewe. Akatoa kitambaa akafuta shingo.

Walipotoka walikutana na Waziri Kwezi ukumbini, nishani kifuani, wasaidizi wanne nyuma yake. Siwema, ambaye maishani mwake hakuwahi kumzuia mkubwa njia, alimzuia njia. Akamweleza yote kwa pumzi moja. Waziri alisikiliza, kichwa kikiwa upande, kwa huruma ya kweli kabisa. Hilo ndilo Siwema alishindwa kulisahau baadaye, kwamba ilikuwa huruma ya kweli.

"Poleni sana, wazee wangu. Na mtoto aliishi muda gani?"

"Siku kumi na moja, Mheshimiwa."

Waziri alimgeukia msaidizi mmoja, wakanong'ona. Uso wake ukakunjuka, kama mtu aliyepata la kuwafariji.

"Basi msihuzunike. Kipindi cha majaribio ya bure ni siku kumi na nne. Kisheria, wazee wangu, mtoto wenu hakuwa amejiunga. Hakuna mlichopoteza." Akawashika mabega wote wawili, akapita.

*

Siku tisa ziliisha. Nakala ikafutwa. Mwezi uliofuata Wingujema ikauzwa kwa kampuni ya kutengeneza michezo ya kompyuta, nayo haikuona faida ya vizazi na vifo, ikafunga huduma. *Asante kwa kuwa sehemu ya safari yetu*, kioo kikasema, kisha kikawa cheupe. Taifa zima likawa halijazaliwa. Waziri Kwezi akatangaza kwamba huu ni mwanzo mpya ambao mataifa mengi yanautamani, na kwamba Jamhuri imekwisha kujiunga na kampuni nyingine, tena kwa mkataba mrefu zaidi.

Watu wa Mfuleni hawakungoja. Walikwenda dirishani kwa Siwema, kwa kuwa aliwaandika wote kwa mkono, na mkono hukumbuka. Alinunua madaftari ya shule, yale yenye jedwali la kuzidisha nyuma, akapiga mistari kwa rula. "Wewe ulizaliwa mwaka wa mafuriko," alimwambia mmoja, "baba yako alikuja na viatu mkononi." Akawaandika. Ilikuwa kosa la jinai na alilijua. Yule mjane wa kibali cha siku tisini alikuja pia, na Siwema akamwandikia mumewe upande wa kulia, kwa wino mweusi, kwamba amefariki. Yule mama akalia pale pale dirishani, kilio chake cha kwanza cha kukamilika.

Lakini nyumbani mambo yalikuwa yanaharibika. Kondo alikuwa ameanza kuuliza.

"Yule tabibu alisema moyo, sivyo?"

"Moyo, Kondo."

"Hata ningemwita mapema?"

"Hata ungemwita siku ya kwanza."

Alitikisa kichwa kukubali. Baada ya siku mbili akauliza tena. Kisha ikawa kila asubuhi, akifunga vifungo vya shati. Siwema alijibu kila mara kwa maneno yale yale, na kila mara aliona jinsi maneno yanavyochakaa. Mara moja tu Kondo alisema, bila hasira, akitazama nje, "Ningekificha mimi mwenyewe kile kitabu. Nisingekuomba." Hakurudia tena, na Siwema alitamani arudie, amtukane, avunje hata sahani.

Halafu watu wakaanza kusema kwamba fundi Kondo hamalizi kazi. Ilikuwa kweli. Mtu yeyote akimwita, hata wa kumwomba kiberiti, aliacha kazi ilivyo na kukimbia. Kibanda chake kikajaa baiskeli zenye gurudumu moja, minyororo inayoning'inia, breki zilizofunguliwa. Wateja waligomba, naye aliwaomba radhi, akaanza upya, akaitwa, akakimbia.

Siku moja ya Jumamosi, mchana, Siwema alichukua daftari jipya. Alipiga mistari. Alijaza wino. Aliandika polepole kuliko alivyowahi kuandika kwa ajili ya mtu yeyote: jina, tarehe mbili, na kwenye safu ya sababu yale maneno, yote, bila kupunguza wala kuongeza. Akakausha wino. Akatembea nalo mpaka kibandani.

Kondo alikuwa amechuchumaa mbele ya baiskeli iliyopinduliwa, akilijaribu gurudumu la nyuma. Alipoona daftari aliinuka, akaenda kwenye ndoo, akasugua mikono kwa mchanga na sabuni, akaifuta. Akalipokea. Akaweka kidole kwenye safu ya sababu, akasoma, midomo ikicheza bila sauti. Akasoma tena.

"Mwandiko ni ule ule," Kondo alisema.

"Ni ule ule."

"Na maneno ni yale yale."

"Ni yale yale, Kondo. Wallahi ni yale yale."

Alilifunga daftari kwa uangalifu, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Asante, Mama Hidaya," alisema. "Lakini hili umeniandikia mimi."

Siwema alimgusa mkononi, penye maji bado. Kondo akachuchumaa tena, akalisukuma gurudumu likaanza kuzunguka, akatega sikio.

Ng'ambo ya barabara mtu akaita, "Fundi!"

Kondo akadondosha spana na kukimbia. Siwema alibaki amelikumbatia daftari, analitazama gurudumu likizunguka, mpaka likapunguza mwendo, likasimama.